Nadharia Sanifu na Chembe Isiyotii: Istilahi za Kiswahili katika Utafiti wa Tungamo la Nyutrino

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kubeba maelezo ya utafiti wa tungamo la nyutrino, utafiti ambao umedhihirisha kwamba Nadharia Sanifu ya fizikia ina pengo. Istilahi nne zinachambuliwa: nyutrino, sanifu, mbembeo na tungamo. Hoja inayotetewa ni kwamba kikwazo cha kufundisha elimu hii kwa Kiswahili si uchache wa maneno. Kikwazo ni kwamba mwanaisimu na mwanafizikia hawajaketi pamoja wakakubaliana kuhusu maana kabla ya kuchagua neno. Mifano inatolewa katika mazingira ya Thika na Ruiru, eneo ambalo wataalamu wa pande zote mbili ni majirani.

1.0 Utangulizi

Barabara kuu itokayo Nairobi kuelekea Thika hupita katika eneo lenye vyuo vikuu vingi. Chuo Kikuu cha Kenyatta kiko Kahawa, kabla ya kufika Ruiru. Ruiru penyewe pana Chuo Kikuu cha Zetech. Juja pana Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Na mjini Thika pana Chuo Kikuu cha Mount Kenya, kilichopata hati yake mwaka 2011. Katika matatu moja ya asubuhi, mwanafunzi wa isimu ya Kiswahili aweza kuketi ubavuni mwa mwanafunzi wa fizikia. Wa kwanza anajifunza mbinu za uundaji wa istilahi. Wa pili anajifunza muundo wa maada, tena kwa Kiingereza kitupu. Wakishuka, kila mmoja hushika njia yake, na elimu zao hazikutani.

Hali hii ina hasara. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinaitambua lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hata hivyo, mwanafunzi wa fizikia anayerudi nyumbani Makongeni au Githurai hushindwa kumweleza mzazi wake anachokisoma, na mara nyingi lawama huelekezwa kwa lugha: husemwa kwamba Kiswahili ni lugha ya ushairi na biashara, haiwezi sayansi ya kina. Dai hili linastahili kupimwa kwa mfano mgumu, wala si kwa mfano mwepesi wa baiskeli au kinu cha kusaga mahindi. Nyutrino ni mfano wa aina hiyo.

Nyutrino ni chembe isiyo na chaji ya umeme, na ni nadra mno kugusana na kitu chochote. Nyingi zinazotufikia hutoka katika kiini cha Jua. Takriban nyutrino bilioni 65 za Jua hupita katika kila sentimita ya mraba kwa kila sekunde. Usiku hazikomi, kwa sababu huipenya dunia nzima na kutokea upande wa pili. Zinawapenya wale wanafunzi wawili garini, zinapenya mashamba ya mananasi ya Thika na kuta za viwanda vyake, bila kuacha alama. Hata ndizi moja sokoni, kwa kuwa ina potasiamu kiasi kidogo chenye mnururisho wa asili, hutoa zaidi ya chembe kumi za jamii hii kila sekunde. Kwa hiyo jambo linalojadiliwa si geni mahali hapa. Kigeni ni jina lake tu.

2.0 Nyutrino: Jina na Udogosho

Historia ya jina hili ni somo zuri la mofolojia. Tarehe 4 Desemba 1930, mwanafizikia Wolfgang Pauli aliwaandikia barua wenzake waliokuwa wakikutana Tübingen, Ujerumani. Wakati huo palikuwa na fumbo: kiini cha atomi kilipotoa elektroni, sehemu ya nishati ilionekana kupotea. Wapo waliodhani kwamba kanuni ya kuhifadhika kwa nishati ilikuwa imevunjika. Pauli alipendekeza kwamba kulikuwa na chembe nyingine isiyoonekana iliyotoroka na nishati hiyo, na akaiita nyutroni. Mwaka 1932 James Chadwick aligundua chembe nyingine, nzito, isiyo na chaji, nayo ndiyo iliyotwaa jina hilo. Ikabidi ile ya Pauli ipewe jina jipya. Wanafizikia wa Roma walitumia kiambishi tamati cha udogosho cha Kiitaliano, -ino, wakapata nyutrino. Enrico Fermi ndiye aliyelieneza.

Kiswahili nacho kina njia zake za udogosho: kitoto, kijiji, kijisu. Ingefuatwa tafsiri ya moja kwa moja, chembe hii ingeitwa kinyutroni. Neno hilo lina uwazi, lakini lina kasoro mbili. Kwanza, linaashiria kwamba nyutrino ni nyutroni iliyopunguzwa ukubwa, jambo ambalo si kweli, kwani hizi ni chembe za jamii mbili tofauti. Pili, linaikata istilahi kutoka katika umbo linalotambuliwa na lugha nyingi duniani. Kwa sababu hizo, utohozi unafaa zaidi hapa kuliko tafsiri. Nyutrino linakubali muundo wa silabi wazi za Kiswahili na linaingia bila taabu katika ngeli ya I-ZI: nyutrino hii imepita, nyutrino hizi zimepita. Mkabala wake unaweza kuitwa nyutrino kinzani.

Kati ya jina na ushahidi palipita miaka mingi. Frederick Reines na Clyde Cowan walizitambua nyutrino kinzani kutoka katika kinu cha nyuklia nchini Marekani mwaka 1956. Afrika nayo ina nafasi katika historia hii. Tarehe 23 Februari 1965, Reines na Friedel Sellschop pamoja na wenzao, wakiwa katika mgodi wa dhahabu wa East Rand nchini Afrika Kusini, zaidi ya kilomita tatu chini ya ardhi, walinasa alama ya nyutrino ya asili iliyozalishwa angani. Mwaka huohuo watafiti katika migodi ya Kolar nchini India walipata matokeo ya namna hiyo.

3.0 Sanifu: Miaka ya Kuzaliwa kwa Viwango Viwili

Nadharia inayoeleza chembe za msingi na kani zinazozitawala, isipokuwa mvutano, inaweza kuitwa kwa Kiswahili Nadharia Sanifu. Iliundwa hasa katika miaka ya 1960 na 1970. Sheldon Glashow, Abdus Salam na Steven Weinberg walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1979 kwa mchango wao, na kupatikana kwa chembe ya Higgs mwaka 2012 kuliikamilisha orodha ya chembe zake.

Msomi wa Kiswahili ana faida ya pekee anapolikuta neno sanifu mahali hapa. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa lugha ya shule na uchapishaji. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kusanifisha. Ni mwaka uleule Pauli alipoandika barua yake. Wanaisimu wanajua kilichofuata: kiwango kilileta umoja wa tahajia, sarufi na vitabu, lakini hakikuwa lugha yote. Kimvita, Kiamu, Kimtang'ata na lahaja nyingine ziliendelea kuishi nje yake, zikiwa na maneno na miundo ambayo kiwango hakikuisajili. Sanifu maana yake ni kilichokubaliwa. Haina maana ya kilichokamilika.

Nadharia Sanifu ya fizikia nayo ni hivyo. Waliyoiunda waliandika ndani yake yale yaliyokuwa yameonekana. Jaribio la mwaka 1958 lililoongozwa na Maurice Goldhaber lilionyesha kwamba nyutrino huzunguka upande mmoja tu ukilinganisha na mwelekeo wa mwendo wake, upande ambao wanafizikia huuita wa mkono wa kushoto. Ya mkono wa kulia haikuonekana. Katika nadharia hiyo, chembe za msingi za maada hupata tungamo kwa kuunganisha pande zote mbili. Kwa kuwa upande wa pili haukusajiliwa, nyutrino ikaandikwa kuwa haina tungamo. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa ushahidi wa wakati ule. Hata hivyo, kama ilivyo kwa neno la lahaja lisilomo kamusini, kutosajiliwa hakukuwa ushahidi wa kutokuwepo.

4.0 Mbembeo: Chembe Inayobadilika Njiani

Dalili ya kwanza ya pengo ilitoka Homestake, mgodi wa dhahabu wa Dakota Kusini nchini Marekani. Raymond Davis aliweka ndani yake tangi la tani zaidi ya 600 za kimiminika kinachotumiwa na madobi wa kufua nguo bila maji. Matokeo yake, yaliyoanza kutolewa mwaka 1968, yalionyesha kwamba nyutrino za Jua zilizonaswa zilikuwa karibu theluthi moja tu ya zilizotarajiwa. Kwa takriban miaka thelathini wengine walilishuku jaribio, wengine wakaushuku ujuzi wa wanadamu kuhusu Jua.

Jibu lilihitaji kutambua kwamba nyutrino zina aina tatu: ya elektroni, ya myuoni na ya tau. Bruno Pontecorvo alikuwa amependekeza tangu mwaka 1957 kwamba nyutrino huweza kugeuka njiani. Tangi la Davis liliweza kuona aina moja tu.

Ushahidi wa kukata shauri ulitangazwa nchini Japani mwezi Juni 1998 na watafiti wa Super-Kamiokande. Kigunduzi hiki ni tangi la tani 50,000 za maji safi, lililo mita 1,000 chini ya mlima. Kwa kulinganisha, Bwawa la Thika, lijulikanalo kama Ndakaini, lina uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70, yaani maji ya kujaza tangi kama hilo mara 1,400. Watafiti walihesabu nyutrino zinazozaliwa pale miale kutoka anga za mbali inapogonga hewa ya juu. Nyutrino hizo huzaliwa juu ya kila nchi. Zilizozaliwa juu ya Japani zilisafiri kilomita chache tu hadi kigunduzini. Zilizozaliwa mbali, zikiwemo za anga ya Afrika Mashariki, zilipenya ardhi kwa maelfu ya kilomita na kuingia tangini kutoka chini. Nyutrino za myuoni zilizotoka chini kabisa zilikuwa karibu nusu ya zilizotarajiwa. Zilikuwa zimegeuka njiani. Mwaka 2001 na 2002, kigunduzi cha Sudbury nchini Kanada, kilichotumia tani 1,000 za maji mazito, kilithibitisha kwamba nyutrino za Jua zote zilikuwepo, ila nyingi zilifika zikiwa za aina nyingine. Takaaki Kajita na Arthur McDonald walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Tukio hili liitweje kwa Kiswahili? Mtetemo halifai, kwa kuwa linaleta picha ya kitu kinachotikisika. Badiliko na mgeuko yanaeleza kwenda bila kurudi, ilhali nyutrino hugeuka kisha huirudia hali yake, tena na tena. Kitenzi kinachobeba kwenda na kurudi kwa mpango ni -bembea. Kutokana nacho hupatikana mbembeo, na minyambuliko yake inajitegemea: nyutrino hubembea, umbali wa mbembeo, kasi ya mbembeo. Uwezo huu wa kuzaa maneno mengine ni kigezo kikuu cha istilahi bora.

Maana yenyewe inaelezeka kwa ngoma. Tuchukulie ngoma tatu zinazoanza kupigwa pamoja, kila moja ikiwa na mwendo unaotofautiana kidogo na wa mwenzake. Mwanzoni msikilizaji husikia mdundo mmoja. Baada ya muda ngoma hupishana, na mdundo unaosikika huwa mwingine. Zikiendelea, huweza kukutana tena na mdundo wa mwanzo ukarudi. Kila aina ya nyutrino ni mchanganyiko wa hali tatu za tungamo, nazo ndizo ngoma zenyewe. Kama hali hizo zote zingekuwa na tungamo sawa, au zote zikose tungamo, ngoma zisingepishana kamwe na mdundo usingebadilika. Kwa kuwa mdundo hubadilika, ni lazima matungamo yatofautiane. Hivyo angalau mawili kati ya matatu si sufuri. Huo ndio ushahidi kwamba Nadharia Sanifu haikukamilika.

Umbali ni jambo la msingi katika majaribio haya. Kigunduzi cha JUNO kusini mwa China, kilichoanza kukusanya data tarehe 26 Agosti 2025, kimewekwa takriban kilomita 53 kutoka katika vinu vya nyuklia. Msafiri akitoka katikati ya Nairobi, akapita Ruiru na Juja, akaipita Thika kwa kilomita chache, atakuwa amekwenda umbali unaokaribia huo. Katika safari fupi kama hiyo nyutrino kinzani ya elektroni huwa imegeuka kwa kiasi kikubwa. Tani 20,000 za kimiminika kinachotoa mwanga kikipitiwa na chembe zinatumiwa kupima mgeuko huo. Matokeo ya awali ya Novemba 2025, yaliyotokana na siku 59 tu za data, yalipima baadhi ya vipimo vya mbembeo kwa usahihi uliozidi majaribio yote yaliyotangulia.

5.0 Tungamo na Uzito

Neno la nne ndilo linalokoroga zaidi. Sokoni Thika, muuzaji husema uzito wa viazi ni kilo mbili. Katika fizikia, uzito ni nguvu ambayo dunia huvuta kitu, nao hubadilika kitu kikipelekwa mwezini. Kisichobadilika ni kiasi cha maada na ukinzani wa kitu dhidi ya kusukumwa. Dhana hii vitabu vya sayansi huiita tungamo, na wakati mwingine masi. Masi lina umataifa. Tungamo lina mzizi wa wenyeji, -tungama, kitenzi kinachotumika damu au mafuta yanapoganda. Mwanafunzi anayekijua kitenzi hicho hupata picha ya kitu kilichoshikana, na kwa sababu hiyo tungamo lina uwazi zaidi. Anayeandika uzito wa nyutrino anaweza kueleweka mitaani, lakini amepoteza dhana anayotaka kuifundisha.

Mbembeo huonyesha tofauti tu. Hautoi kiasi chenyewe. Kwa usahihi zaidi, hupima tofauti kati ya miraba ya matungamo. Ni kama mizani ya kahawa inayoonyesha kiasi ambacho gunia moja linalizidi jingine bila kutaja kilo za gunia lolote. Kutokana na tofauti hizo inajulikana kwamba hali nzito kuliko zote ina tungamo lisilopungua elektronivolti 0.05 hivi. Kikomo cha juu hutafutwa kwa njia nyingine. Jaribio la KATRIN mjini Karlsruhe, Ujerumani, huchunguza elektroni zinazotoka katika tritiamu, na mwaka 2025 lilitangaza kwamba tungamo la nyutrino ni dogo kuliko elektronivolti 0.45. Tungamo la elektroni ni elektronivolti 511,000. Kwa hiyo nyutrino haifikii hata sehemu moja ya milioni ya elektroni, chembe ambayo yenyewe ni nyepesi mno.

6.0 Nje ya Nadharia Sanifu

Wepesi huu unahitaji sababu. Maelezo yanayojadiliwa sana huitwa nadharia ya mizani: sahani moja ikishuka, ya pili hupanda. Yanasema kwamba upande wa mkono wa kulia uliokosekana upo, lakini una tungamo kubwa kiasi kwamba hakuna mtambo uliokwisha kuuzalisha. Kadiri mwenza huyo anavyokuwa mzito, ndivyo nyutrino tuzijuazo zinavyokuwa nyepesi.

Nadharia hiyo inafungamana na swali lililoulizwa na Ettore Majorana mwaka 1937: je, nyutrino na nyutrino kinzani ni vitu viwili, au ni kitu kimoja? Kama ni kimoja, baadhi ya viini vya atomi vinaweza kutoa elektroni mbili kwa pamoja bila nyutrino yoyote kutoka. Jaribio la KamLAND-Zen nchini Japani na mengine yamelitafuta tukio hilo kwa miaka mingi bila kuliona. Likionekana, huenda likasaidia kueleza kwa nini ulimwengu una maada na si utupu wa mwanga tu, kwani maada na maada kinzani vilipaswa kuangamizana tangu mwanzo.

Bado haijulikani pia ni hali ipi kati ya tatu iliyo nzito zaidi. JUNO inalitafuta jibu, na jaribio la DUNE linajengwa Marekani ili kutuma nyutrino umbali wa kilomita 1,300 hadi katika mgodi uleule wa Homestake alikofanyia kazi Davis. Chuo Kikuu cha Antananarivo, Madagaska, ni mwanachama wa DUNE. Mjini Kigali, Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Kimsingi imekuwa ikifunza wanafizikia wa kanda hii tangu mwaka 2018. Mlango uko wazi, na walio ndani yake ni majirani.

7.0 Fundisho kutoka Ruiru

Wapo wanaosema istilahi za namna hii zitabaki vitabuni. Ruiru ina jibu. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kilitoa mwaka 1985 aina ya mbegu iitwayo Ruiru 11, inayostahimili ugonjwa unaoozesha matunda ya mbuni yangali machanga. Utafiti huo ulikuwa wa chembe za urithi, mambo yasiyoonekana kwa macho, lakini jina la mbegu lilifika shambani na likakaa. Ugonjwa wenyewe wakulima wa kahawa wa Tanzania wanauita chulebuni. Neno hili halikungoja mkulima asome shahada. Liliingia kwa sababu wataalamu na wakulima walikuwa na jambo moja la kulizungumzia, tena mara kwa mara.

Kazi ya awali nayo ipo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Tangu hapo fizikia imepata chembe ya Higgs, mbembeo uliothibitishwa na tungamo la nyutrino. Kamusi haiwezi kujiongezea maneno yenyewe.

8.0 Hitimisho

Imebainika kwamba kila istilahi kati ya nne ilihitaji mbinu yake: utohozi kwa nyutrino, upanuzi wa maana kwa sanifu, unyambuaji kwa mbembeo, na uteuzi kati ya visawe kwa tungamo. Mbinu hizo zote hufundishwa katika idara za Kiswahili. Imebainika vilevile kwamba hakuna hata moja iliyoweza kuamuliwa bila kuijua fizikia yenyewe. Asiyejua kwamba nyutrino huirudia hali yake angechagua mgeuko, naye angekuwa amekosea kwa sarufi safi.

Inapendekezwa kwa hiyo kwamba vyama vya Kiswahili vya vyuo vya Thika, Juja, Ruiru na Kahawa viwaalike wanafunzi wa fizikia katika makongamano yao, na kwamba kila istilahi inayopendekezwa ijaribiwe kwa kumfundishia mtu asiyeijua dhana. Nyutrino ilikaa nje ya Nadharia Sanifu kwa sababu upande wake mmoja haukusajiliwa. Elimu yake itaendelea kukaa nje ya Kiswahili sanifu kwa sababu hiyohiyo, mpaka wale wanafunzi wawili wa matatu ya asubuhi waanze kuzungumza.